Sifa Zinazouzwa Kitaluni

Orodha za mimea vamizi zinazotolewa na serikali na mashirika ya hifadhi zina faida kubwa, lakini zina kasoro moja: humfanya msomaji aamini kwamba uvamizi umo ndani ya mmea wenyewe, kama sumu ilivyomo ndani ya jino la nyoka. Mmea ukishaandikwa humo, basi ni mbaya; usipoandikwa, ni salama. Sura hii inaupinga mtazamo huo kwa mfano wa kichaka kimoja cha pwani. Kusini mwa Florida, nchini Marekani, kichaka hicho kimewekwa katika daraja la kwanza la mimea vamizi, ilhali kwenye fukwe za Kenya na Tanzania ni mwenyeji wa tangu na tangu, aliyekuwepo kabla jahazi la kwanza halijatia nanga. Mmea ni uleule, ua ni lilelile. Tofauti ni namna ulivyofika, na nani aliyeubeba. Hoja yangu ni kwamba sifa zinazomfanya mwenye bustani akitamani kichaka hiki ndizo hizohizo zinazokifanya kishindikane baadaye, na kwa sababu hiyo uamuzi wa maana hufanyika kitaluni, kabla mchanga haujachimbwa. Uamuzi unaokuja baada ya hapo huwa ni wa kulipa gharama tu.

Kitaalamu kichaka hiki huitwa Scaevola taccada. Ukikikaribia, kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni ua lake: petali tano, nyeupe zenye michirizi ya zambarau, zote zimeelekea upande mmoja, na upande wa pili hakuna kitu, utadhani mtu amelipasua ua katikati akaondoka na nusu yake. Wenyeji wa Hawaii, ambao hukiita naupaka, wana hadithi ya wapendanao waliotenganishwa, mmoja akabaki mlimani na mwenzake ufukweni, na tangu hapo kila mmoja ana nusu ya ua. Majani ni mapana, ya kijani kinachong'aa, yamejikusanya kwenye ncha za matawi, na kingo zake zimejikunja kidogo kuelekea chini. Bandua jani moja na kwenye kwapa lake utaona kishungi cha nywele nyeupe laini. Tunda ni dogo, jeupe, lenye majimaji, na ndani yake mna kokwa ngumu. Kichaka hiki kina ndugu wa karibu, Scaevola plumieri, mwenye majani mafupi na mazito zaidi, na ambaye tunda lake likiiva huwa jeusi tititi. Majina ya kienyeji ya mimea ya ufukweni hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo hapa nitawaita ndugu hawa skevola ya tunda jeupe na skevola ya tunda jeusi, nikijua kwamba mtaalamu wa mimea atanuna kidogo.

Kwa nini mtu apande skevola ya tunda jeupe bustanini? Kwa sababu ufukweni ni mahali pagumu pa kulima bustani. Upepo hubeba manyunyu ya chumvi ambayo huunguza majani ya waridi na ya mchungwa. Mchanga haushiki maji wala mbolea. Jua hupiga kutoka juu, kisha mchanga mweupe hulirudisha kutoka chini. Skevola hii hustahimili yote hayo. Jani lake nene halijali manyunyu. Huchanua karibu mwaka mzima. Hukubali kukatwa kwa mkasi mpaka ikawa ua ulionyooka mbele ya nyumba, na tawi lake likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu huota mizizi bila kubembelezwa. Mwenye kitalu huipenda kuliko hata mteja wake, maana kichaka kimoja humpa vipandikizi vingi kwa gharama ndogo, na ni nadra mteja kurudi kulalamika kwamba mche umekufa. Tangazo la kuuza mmea wa namna hii halina haja ya kutiwa chumvi.

Sasa zisome sifa hizohizo kwa jicho la mtu anayeuliza mmea huu utafikaje ufuo wa pili. Tawi linalokubali kuota likichomekwa na mtunza bustani litakubali pia likivunjwa na dhoruba na kutupwa mbele. Jani lisiloungua kwa chumvi halina mpaka unaolizuia kuteremka kutoka kwenye ua hadi kwenye tuta la mchanga. Kuchanua mwaka mzima maana yake ni kuzaa mwaka mzima. Na tunda lenyewe ni chombo cha safari. Watafiti wa Kijapani waliochunguza visiwa vya kusini mwa nchi yao wameona kwamba kichaka hiki huzaa matunda ya namna mbili: yenye tabaka la kizibo, ambayo huelea, na yenye nyama tu bila kizibo, ambayo hayana uwezo huo lakini huliwa na ndege. Mbegu ya tunda linaloelea hukaa baharini kwa miezi ikiwa hai, ikingoja kutupwa ufuoni na kuoshwa na mvua. Volkano ya Krakatau, huko Indonesia, ilipolipuka mwaka 1883, kisiwa kilifunikwa na majivu. Miaka mitatu baadaye mtaalamu wa mimea Melchior Treub alikwenda kuona nini kimerudi, na miongoni mwa mimea michache aliyoikuta ufukweni ilikuwemo skevola hii. Hakuna aliyeipanda pale. Mmea unaoweza kufufua ufuo wa volkano hauwezi kutegemewa ukae ndani ya mstari wa bustani.

Hapo hujitokeza pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Ikiwa mmea huu ni baharia hodari kiasi hicho, basi bahari ingeupeleka Florida hata kama kitalu kisingeupeleka. Mwanadamu ameharakisha tu jambo lililokuwa njiani. Ramani inakataa. Skevola ya tunda jeupe imeenea Bahari ya Hindi yote ya kitropiki na sehemu kubwa ya Pasifiki, kuanzia Afrika Mashariki hadi Hawaii, lakini haikuvuka kwenda Atlantiki. Upande mmoja ilizuiwa na bara la Amerika, ambalo shingo yake ya Panama ilifunga njia kati ya bahari hizo mbili yapata miaka milioni 3 iliyopita. Upande wa pili ilizuiwa na ncha ya kusini ya Afrika, ambako maji ya mkondo wa Benguela ni baridi mno kwa mmea wa kitropiki. Ndugu yake wa tunda jeusi alikuwa na bahati tofauti. Huyu huvumilia ubaridi kidogo, hushuka kwenye fukwe za Afrika Kusini hadi Eastern Cape, na hupatikana pande zote mbili za Atlantiki, kuanzia Afrika Magharibi hadi Karibi na Florida, pamoja na kwetu. Kwa hiyo bahari ilikuwa imekwisha kutoa uamuzi wake muda mrefu kabla ya historia ya binadamu: ya tunda jeusi ipite, ya tunda jeupe ibaki. Aliyeutengua uamuzi huo ni muuza miche.

Florida iliupokea mmea huu katika nusu ya pili ya karne ya 20, wakati fukwe zake zilipokuwa zikijengwa mahoteli na majumba ya ghorofa kwa kasi. Kila jengo lilitaka kijani mbele yake, na skevola ya tunda jeupe ilikuwa jibu jepesi. Ilisifiwa pia kama kinga dhidi ya mmomonyoko, kwa hiyo aliyeipanda alijihesabu kuwa mtu wa mazingira. Kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imeonekana ikiota yenyewe nje ya bustani, na leo imo katika daraja la kwanza la orodha ya mimea vamizi ya Florida, daraja la mimea inayobadilisha jamii za mimea ya asili kwa kuisukuma nje. Habari kama hiyo imejirudia Bahamas, Visiwa vya Cayman, Puerto Rico na Visiwa vya Virgin. Wanaikolojia wana maelezo rahisi ya kwa nini kitalu hufaulu pale mawimbi yaliposhindwa: kinachoamua si uwezo wa mmea pekee, bali pia ni mara ngapi umeletwa na katika hali gani. Tunda linaloletwa na bahari hufika peke yake, likiwa limechoka, na huangukia popote. Kitalu huleta miche iliyokwisha kukua, huipanda katika mamia ya viwanja kwa mpigo, huimwagilia hadi ishike, na ikifa huleta mingine. Hakuna mkondo wa bahari wenye subira ya namna hiyo.

Aliyeumia zaidi ni ndugu. Katika jimbo la Florida skevola ya tunda jeusi imeorodheshwa rasmi kuwa mmea ulio hatarini, na huko Cayman nayo imebaki kwa shida. Ili kuelewa kwa nini, inafaa kuangalia namna kila mmoja anavyoishi na mchanga. Skevola ya tunda jeusi hukaa chini. Mashina yake hutambaa, mchanga ukipeperushwa na kuyafukia nayo huchipua juu yake, hufukiwa tena na kuchipua tena, na kwa mwendo huo tuta huinuka polepole likiwa limeshonwa ndani kwa mashina. Katikati ya vichipukizi vyake hubaki nafasi za wazi, na humo huota nyasi za matuta na mitambaazi mingine. Skevola ya tunda jeupe huja na mpango mwingine: hujenga kuba la majani lenye urefu wa mita 3 na zaidi, lililofumana kiasi kwamba chini yake mwanga ni haba. Mimea ya tuta la mbele karibu yote ni mimea ya jua kali. Ukiifunika haipigani; hufifia tu. Tuta hubaki mahali pake, kwa mbali linaonekana la kijani kuliko zamani, na mpita njia huamini kwamba ufuo umestawi, kumbe jamii nzima ya mimea imebadilishwa na mmea mmoja.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo kwa kusema kwamba nyumbani kwake mmea huu ni mpole na ugenini ni katili. Si kweli, na hoja inayosimama juu ya uongo mdogo huanguka baadaye. Hata nyumbani skevola ya tunda jeupe ni mmea wa nguvu. Kwenye visiwa vya matumbawe vya Maldives, Chagos na Ushelisheli hutengeneza ukuta mnene kando ya bahari, na mara nyingi ndiyo kichaka cha kwanza unachokutana nacho ukishuka kwenye mashua. Tofauti ni kwamba huko imeishi na majirani zake kwa muda mrefu mno, na kila mmoja ana mahali pake. Pwani yetu ni ushahidi mzuri kwa sababu ndugu wote wawili wapo. Kwenye matuta ya mchanga unaohama ya kaskazini mwa Malindi, mchanga ulioletwa na mto Sabaki, skevola ya tunda jeusi huishi pamoja na nyasi za Halopyrum na mlakasa, ule mtambaazi wenye maua ya zambarau na majani yaliyopasuka kama kwato. Ya tunda jeupe hushamiri zaidi kwenye fukwe za mchanga wa matumbawe na miamba yake. Wanapakana bila kumalizana. Florida hakukuwa na mapatano ya namna hiyo: mwenye kuba alitua juu ya mtambaazi ambaye hakuwahi kukutana na jirani mwenye kimo kama hicho kwenye tuta la mbele.

Hawaii inatupa ushahidi wa aina nyingine, nao ndio ulionishawishi kuliko wote, kwa kuwa huko mmea ni wa asili kabisa. Sheria ya Hawaii huhesabu ufuo kuwa mali ya umma hadi pale mawimbi yanapofika juu kabisa, na kwa miaka mingi mstari wa majani ulitumika kama alama ya mpaka huo. Baadhi ya wenye nyumba za pwani wakagundua kwamba naupaka iliyopandwa mbele ya uzio na kumwagiliwa kila siku husonga kuelekea baharini, na mpaka husonga nayo. Ufuo wa umma ukawa unaliwa kidogo kidogo na ua wa bustani. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Hawaii, katika shauri lililohusu kisiwa cha Kauai, iliamua kwamba mimea iliyopandwa na mtu haiwezi kutumika kuusogeza mstari wa ufuo upande wa baharini. Hapa hakuna mgeni wala mwenyeji. Kuna mmea wa kwao, bomba la maji na mtu mwenye nia. Sifa zilezile, zikisukumwa na mkono wa bustani, zilizaa uvamizi hata mahali ambapo hakuna orodha inayoutaja mmea huu kwa ubaya.

Pingamizi la pili ni la wahandisi na wenye viwanja: kichaka hiki kinashika mchanga, na katika zama za bahari kupanda hatuna anasa ya kuchagua. Kwamba kinashika mchanga, nakubali. Kwamba hakuna kingine kinachoushika, hapana. Florida ina skevola yake ya tunda jeusi, ina nyasi za Uniola paniculata zinazojenga matuta, ina mlakasa uleule tulio nao sisi, na nyuma yao mizabibu ya pwani. Kikosi hicho kilijenga matuta ya Florida na kuyatunza kabla ya hoteli ya kwanza. Tena huvumilia kufukiwa, jambo ambalo ndilo kiini cha ujenzi wa tuta. Hata hivyo pingamizi hili linatufundisha jambo la utekelezaji. Mahali ambapo kuba la majani limekwisha kutawala, kuling'oa lote kwa siku moja ni kuuachia upepo mchanga mtupu. Kinachofaa ni kazi ya awamu: kukata shina, kupaka kisiki dawa ya kuua magugu mara tu baada ya kukata, kuondoa matawi yote yasije yakaota, kupanda mbadala papo hapo, kisha kurudi kila msimu kung'oa miche kwa mkono. Ni kazi ya miaka, na bili yake hailipwi na kitalu kilichouza mche.

Wako pia wanaosema kwamba kulaumu kichaka ni kumsingizia asiye na kinywa. Aliyeharibu fukwe za Florida na Karibi, wanasema, ni mjenzi aliyesawazisha matuta kwa greda. Kichaka kilikuja tu kuziba pengo. Pingamizi hili lina ukweli mwingi, na mtu anayeandika kuhusu magugu huku akinyamazia zege anapaswa kutiliwa shaka. Skevola ya tunda jeusi ilipoteza makazi kwa ujenzi kabla ya kupoteza mengine kwa ndugu yake. Lakini tazama uhusiano wa mambo hayo mawili. Greda lilisafisha, mkandarasi wa bustani akapanda, na mmea uliopandwa ukateremka kwenye mabaki ya tuta ambayo greda halikuyafikia. Mche ule ulikuwa sehemu ya mradi uleule wa ujenzi, umo kwenye mchoro na kwenye hesabu. Kumwondolea lawama mjenzi kwa kumtwisha kichaka ni kosa. Kukiondolea kichaka uchunguzi kwa sababu mjenzi ana hatia ni kosa la pili.

Pingamizi linalogusa hisia zaidi ni la ugeni wenyewe. Mtu wa pwani, ambaye mji wake umejengwa na watu na vitu vilivyoletwa na pepo za msimu, ana haki ya kushtuka akisikia mimea ikigawanywa kwa uraia. Mwembe ulitoka Asia, muhogo na mkorosho vilitoka Amerika, mwarobaini ulitoka India. Tukiwafukuza wageni wote tutalala njaa. Hakuna anayedai hivyo. Mark Williamson, mwanaikolojia wa Uingereza, alieneza katika miaka ya 1990 kipimo cha jumla: katika kila spishi kumi ngeni zilizoingia porini, karibu moja hujijenga, na katika kumi zilizojijenga, karibu moja huwa kero. Ni kipimo cha makadirio, kina mifano mingi inayokipinga, lakini kinaonyesha kwamba ugeni peke yake si kosa. Kosa linategemea sifa. Bogenvilia ilitoka Amerika Kusini, imejaa Mombasa na Unguja, na aina nyingi za bustani hazizai mbegu, hukaa ilipopandwa. Gugu maji nalo lilitoka Amerika Kusini, likasafirishwa duniani kwa ajili ya uzuri wa ua lake la zambarau, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likawa limefika Ziwa Victoria, ambako liliziba bandari na mialo hadi wadudu waharibifu wake walipoletwa kusaidia kulipunguza. Lantana iliingia kama ua wa bustani ikaishia kufunika malisho. Mti wa mathenge ulipandwa Baringo, nchini Kenya, kwa nia njema ya kupata kuni na kuzuia jangwa, na wakazi wakaishia kumfikisha mbuzi kibogoyo mahakamani ili hakimu ajionee meno yaliyoharibiwa na maganda yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema lolote kuhusu mgeni anayekuja na mbegu za kuelea.

Linabaki jibu ambalo kila mwenye bustani hulitoa, nalo husemwa kwa unyofu: mimi nitakidhibiti changu, nitakikata kila mwezi. Kwa mmea wa bara jibu hilo huenda likatosha, kwa kuwa bustani ya bara ina kuta na majirani wanaolalamika. Kiwanja cha ufukweni kina upande mmoja usio na ukuta, na upande huo ndio njia kuu ya mmea huu. Ukichelewa kukata wiki chache tu matunda meupe yanakuwa chini, maji makuu ya mwezi mpevu yanapanda, na kazi ya mkasi wako imekwisha. Kisha kuna suala la muda. Mwenye nyumba huuza, hoteli hufungwa, mtunza bustani hustaafu, lakini kichaka hubaki na kuendelea kuzaa. Ahadi ya mtu kudhibiti mmea ina umri wa mtu. Uwezo wa mmea kuenea hauna kikomo hicho. Ndiyo maana sioni uzito katika pendekezo la kuwaelimisha wanunuzi watunze vizuri zaidi walichokwisha kukinunua. Elimu hiyo inafika jengo likiwa limekwisha kukabidhiwa.

Kwetu hali imegeuka kichekesho. Kwenye viwanja vingi vya pwani ya Kenya na Tanzania vichaka vya asili hufyekwa ili mgeni aone bahari bila kizuizi, skevola zikiwemo, kisha mkandarasi huitwa alete kijani cha kununua. Miongoni mwa vinavyoletwa ni Sphagneticola trilobata, mtambaazi wenye ua dogo la njano linalofanana na alizeti ndogo, ambao hufunika udongo haraka, huvumilia chumvi, na kipande chake chochote chenye fundo huota mizizi. Umetoka Amerika ya kitropiki, yaani upande uleule ulioharibiwa na kichaka chetu, na umo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, pamoja na gugu maji na lantana. Soma tena sifa zake: hufunika haraka, huvumilia chumvi, huota kwa kipande. Ni tangazo lilelile la kitalu, limebadilishwa picha tu. Tumeng'oa mmea ambao Florida inaulipia fedha kuuondoa, tukanunua mmea ambao visiwa vya Pasifiki vinahangaika kuuondoa.

Kinachohitajika hapa si teknolojia, ni maswali ya kuulizwa kabla ya kulipa. Mmea huu umetoka pwani ipi? Je, unazaa mbegu, na mbegu hizo hubebwa na nini: maji, ndege au upepo? Kipande kilichovunjika huota? Mwenye kitalu akijibu kwamba umetoka mbali, unazaa mwaka mzima, na kila kipande huota, amekwisha kukueleza kwamba hutaweza kuurudisha, hata kama yeye alidhani anausifia. Halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi ufukweni zinaweza kuyaweka maswali hayo kwenye fomu pamoja na michoro ya maji taka, maana orodha ya miche ya bustani ina athari ya muda mrefu kuliko rangi ya paa. Na anayeanza bustani Diani, Nungwi au Kigamboni aangalie kwanza kilichokuwa kikiota kwenye kiwanja chake kabla fyekeo halijapita. Mara nyingi ua wa bure umekwisha kupandwa na bahari. Msomaji aliye Miami apande skevola ya tunda jeusi, wala asiguse ile nyingine. Aliye kwenye pwani yetu anaruhusiwa zote mbili.